Dawa Isiyobagua Ndugu

Wauza nyanya wa soko la Majengo wakimwona Dokta Munira Khalidi anakuja, huanza kupanga upya mafungu yao kwa hofu. Yeye hanunui fungu. Anataka nyanya moja moja, aigeuze, aitazame kitovu, aibonyeze kwa kidole gumba, airudishe, achukue ya jirani yake. "Dokta, chagua, lakini usizisomeshe," muuzaji mmoja alimwambia, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Munira naye alicheka, kisha akaendelea kuchagua.

Mambo ya ndoa yakaingia kwenye mkumbo huohuo. Kwao, kijiji kimoja cha milimani jirani na Kolo, kule Kondoa, ilishajulikana kwamba binti wa Mzee Khalidi anachagua. Alikuja mwenye duka, akaja mwalimu, akaja hata mmoja mwenye lori lake mwenyewe, na wote wakarudi walikotoka. Baba yake, mkulima wa uwele na mbaazi asiye na makuu, alichoka kujibu maswali msikitini. "Mchagua jembe si mkulima, mama," alimwambia binti yake kwa upole. Munira akajibu kwamba yeye kweli si mkulima, ni mkemia. Jibu hilo halikumsaidia mzee hata kidogo.

Kumbe kuchagua ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa mshahara, katika maabara ya chuo kimoja hapo Dodoma, juu ya kilima ambako upepo haulali na vumbi halina likizo.

Habari ilianzia kwa shangazi yake. Kuluthumu, dada wa Mzee Khalidi, aliumwa na moma akivuna mbaazi, Munira akiwa bado mtoto. Moma ni nyoka mnene, mvivu, hakimbii mtu. Analala njiani akisubiri akanyagwe, kisha anakasirika kama ofisa aliyeamshwa usingizini. Sumu yake haina haraka ya kuua, inakula. Ilikula mguu wa shangazi tangu kifundoni, nyama ikalainika na kuchuruzika, na walipofika hospitali daktari hakuwa na la kuokoa chini ya goti. Munira ndiye aliyekuwa akimletea maji ya kuoshea kidonda, na tangu siku zile alimchukia moma kwa chuki ambayo shahada zote tatu hazikuipunguza.

Alipofika chuo kikuu ndipo akajua kinachokula ni nini. Ndani ya sumu mna vimeng'enya, mikasi midogo isiyoonekana kwa macho, kila mmoja umebeba punje ya zinki tumboni, na kwa punje hiyo unakata nyuzi zinazoshikilia nyama na mishipa ya damu. Izibe punje ile, mkasi umekwama. Hapo hata mtoto wa sekondari anaelewa. Balaa ni kwamba binadamu naye anayo mikasi ya ukoo huohuo, yenye zinki ileile, tena anaihitaji: inasafisha vidonda, inalegeza kano, inakarabati viungo kila uchao bila kudai posho. Dawa inayorukia kila zinki inayoiona itamkamata mwizi na mwenye nyumba pamoja. Kazi ya Munira ilikuwa kubuni dawa yenye adabu, inayobisha hodi, ikatazama sura, ikamkamata wa nyoka na kuwapita ndugu zake walio mwilini mwa mtu.

Mkuu wa mradi alikuwa Profesa Ebenezer, mzaliwa wa Chamwino, mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Huko Chamwino alikuwa na shamba la zabibu alilolipenda kuliko wanafunzi wake, na alikuwa sahihi, maana zabibu hazikumjibu. Dawa ya kwanza kabisa kutengenezwa na Munira pale maabara ilikuwa na kucha kali mno. Ikiiona zinki haiulizi, inakamata. Profesa aliipenda mara moja, akaipa jina la Ebenezini. Alipoulizwa, alieleza kwamba jina limetokana na zinki.

Wakanunuliwa mbuzi kutoka Mpwapwa, wakadungwa sumu ya moma, wakapewa Ebenezini papo hapo, na mbuzi wakasimama wakala majani kana kwamba wamedungwa maji. Profesa alitokwa na machozi mbele ya watu. Mbuzi hao waliishi salama salimini mpaka Krismasi, halafu Krismasi ikafika.

Munira alifurahi pia, asiseme mtu kwamba hakufurahi. Lakini usiku wa furaha ulipopita akauliza swali lake la sokoni. Akaagiza vimeng'enya vya binadamu, wale ndugu wa ukoo, akavijaribu kimoja kimoja pamoja na Ebenezini. Vyote vikakwama. Hakuna kilichosalimika. Akachukua majibu akaenda nayo ofisini.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, marahaba. Umeleta nini?"

"Nimejaribu Ebenezini kwa vimeng'enya vya watu. Inavikamata vyote, Profesa. Haichagui."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani alikutuma ukaite mashahidi wa upande wa pili?"

"Ndiyo kazi yetu, Profesa. Dawa isiyochagua itamuumiza mtu mzima mwenye afya zake."

"Dokta Munira," alisema kwa sauti ya kumlea, "wewe umesoma sana vitabu vya Wazungu. Wazungu ndio wanaobagua ndugu. Sisi hapa dawa yetu haibagui ndugu." Akacheka mwenyewe. Msemo ule ulimpendeza hata akauandika, na baada ya muda mfupi ukaonekana kwenye mabango ya mradi, kwa herufi nyekundu, chini ya picha yake.

Munira akarudi mezani kwake, akaanza kutengeneza nyingine. Hii aliipa namba tu, Kumi na Tisa, kwa sababu zile kumi na nane zilizotangulia alizitupa, na mwenye macho ya sokoni hawezi kuacha kutupa. Kumi na Tisa ilikuwa inachagua kweli. Iliwapita ndugu wa binadamu wote bila kuwagusa. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo Munira hakupenda kuitaja mbele za watu: hata wa nyoka iliwakamata kwa kuzembea, ikiacha kama robo ya mikasi inakata. Alijua atairekebisha. Aliipenda jinsi watu wanavyopenda mtoto anayechelewa kutembea.

Wakati huo Profesa alikuwa na mpango mkubwa zaidi. Dawa ya kunywa baada ya kuumwa, aliwaeleza wenzake, ina upungufu: inamhitaji mtu aumwe kwanza, na huwezi kumwalika mgeni rasmi aje akae kwenye kiti cha mbele kusubiri mtu aumwe. Kinga je? Kinga wanakunywa watu wote, kila siku, msimu mzima wa mvua, wawe wameumwa au hawajaumwa. Na asipoumwa hata mmoja, mafanikio ni asilimia mia moja. Kikao kilipiga makofi. Vijiji vya majaribio vikateuliwa, vya milimani Kondoa, na cha kwanza kwenye orodha, kwa heshima ya Dokta Munira, kikawa kijiji chao. Kibali kilikuwa njiani, Profesa alisema, na uzinduzi ungekutana nacho hukohuko njiani.

Munira alipopiga simu nyumbani alikuta habari imeshafika kabla yake. Baba yake alikuwa mtu wa kwanza kujiandikisha. "Mimi nimesema watu wote wa nyumba yangu wanywe," alisema mzee, na sauti ilikuwa imejaa fahari. "Na shangazi yako anywe, aokoe huo mguu uliobaki. Leo msikitini wamekusifia, mama. Hawakuuliza habari za mchumba."

Munira alikata simu akakaa kitandani. Aliogopa. Aliona wazi baba yake na kijiji kizima wakimeza kila asubuhi kitu ambacho yeye mwenyewe amekitengeneza, kikakaza kano zao kidogo kidogo katika miezi ya kulima. Mkulima asiyeweza kuinua jembe, ataambiwa amekingwa na nini?

Akajaribu kusema. Alisema kwenye kikao cha idara, akaambiwa ajenda hiyo haimo. Akasema kwenye kikao kilichofuata, akaambiwa angeisema kwenye kile kilichopita. Mwisho akapewa cheo: akawekwa kwenye Kamati Ndogo ya Mapokezi, chini ya Tereza wa ofisi ya utawala, mama mchapakazi aliyeshughulikia vitenge vya sare, maua na maji ya kunywa. "Dokta, wewe utashika sinia la dawa," Tereza alimwambia. "Uvae viatu visivyopiga kelele." Shahada tatu, na sinia.

Sasa kuna desturi moja ambayo Profesa Ebenezer, pamoja na usomi wake wote, hakuwahi kuiacha Chamwino. Kwao, mwenye pombe hampi mgeni kibuyu hivihivi. Anakunywa yeye kwanza, mgeni akimtazama. Wanaita kutoa sumu. Akishakunywa na akabaki mzima, mgeni anapokea kwa moyo mweupe. Kwa akina Munira, watu wasiokunywa pombe, desturi ni ileile kwa asali na kwa uji: mwenyeji huonja. Kwa hiyo Profesa aliamua kwamba hawezi kumkaribisha mgeni rasmi dawa ambayo yeye mwenyewe hajaionja, na kwa kuwa kinga ni ya msimu mzima, kuonja kwake nako lazima kuwe kwa muda wa kutosha. Alianza kumeza kapsuli moja kila asubuhi na chai ya maziwa. Hakumwomba mtu ruhusa. Nani huomba ruhusa ya kuonja pombe yake mwenyewe?

Alimweleza kila mtu habari hiyo. "Mimi ninakunywa," alisema kwenye ngazi, kwenye maegesho, kwenye msiba wa jirani. Jumamosi alikwenda shambani akatembea katikati ya mizabibu na kandambili, makusudi kabisa, akiwaita nyoka wajitokeze. Nyoka hawakujitokeza. Hilo nalo likaingizwa kwenye taarifa ya maendeleo.

Wiki zikapita. Siku moja Profesa alitaka kuchukua mkoba kiti cha nyuma cha gari, mkono ukafika nusu ya safari ukagoma. Akasema ni upepo wa Dodoma. Kisha bega la pili nalo likajifunga. Akasema ni kiti cha ofisini, akaletewa kiti kipya cha kuzunguka, akawa anazunguka mwili mzima kila akitaka kumtazama mtu, kama bundi wa cheo. Halafu kidole kidogo cha mkono wa kulia kikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, kikafuatwa na jirani yake. Akina mama wa kanisani wakampaka mafuta na kumwombea. Mganga wa viungo akamvuta mpaka akapiga ukelele. Mwishowe akatuhumiwa mwenzake wa idara nyingine, ambaye waligombania naye jengo, kwamba amemtupia kitu.

Munira alikuwa ameshasoma habari hiyo. Miaka ya nyuma, ng'ambo, watu walipewa dawa za aina hiyo kwa ajili ya ugonjwa mwingine, dawa za kucha kali zisizochagua, na mabega yao yakakaza na vidole vikajikunja vilevile. Akaingia ofisini bila miadi.

"Profesa, ni Ebenezini. Acha leo hii, tafadhali. Ukiacha, vitafunguka."

Profesa alimzungukia na kiti chake. Kwa mara ya kwanza hakumjibu haraka, na Munira akaona kwamba mzee yule anajua. Pengine alijua tangu kile kidole cha kwanza.

"Uzinduzi ni Alhamisi," alisema hatimaye. "Nikiacha leo, Alhamisi nitamwambia nini mgeni? Kwamba nilionja nusu?"

"Utamwambia ukweli."

"Ukweli hauna ratiba, Dokta. Ratiba imeshachapwa."

Alhamisi ikafika na upepo wake. Turubai lilipigwa, viti vikavikwa vitambaa, ngoma za Kigogo zikarindima na kwaya ikasubiri zamu. Basi dogo lilileta wazee wa vijiji kutoka Kondoa, na Mzee Khalidi alikuwemo, kofia yake nyeupe kama imefuliwa mara mbili. Mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa muda mrefu, akitaja watu waliokuwepo, waliowakilishwa, na waliotoa udhuru. Munira alisimama pembeni na sinia lake, kapsuli nyekundu zimepangwa juu ya kitambaa kilichofumwa, miguu katika viatu visivyopiga kelele.

Profesa alihutubia vizuri. Alisimulia nyoka, akasimulia mbuzi wa Mpwapwa, akafika kwenye kuonja, na hapo akawa mtamu kweli. "Mheshimiwa, kwetu Chamwino mwenyeji hutoa sumu. Mimi nimekunywa dawa hii tangu baridi ya Julai, kila asubuhi iliyokuja. Haibagui ndugu!" Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga, mikono haikukutana.

Mgeni rasmi, mtu mchangamfu aliyejua kamera ziko wapi, aliguswa. Aliinuka kabla ya zamu yake. "Profesa, kama umeshanitolea sumu, mimi ni nani nisipokee? Na mimi nakunywa, hapa hapa. Na wazee wangu wa Kondoa watanifuata." Mshereheshaji karibu azimie kwa furaha. Wazee wakasimama wakapanga mstari, na Mzee Khalidi, aliyezoea kuwahi, akawa wa kwanza. Alimtazama binti yake na sinia lake akatabasamu.

Mkono wa mgeni ukaja juu ya sinia. Munira akarudi nyuma hatua moja. Mkono ukafuata, naye akarudi tena, na sasa watu waliona.

"Samahani Mheshimiwa," alisema. "Aliyeonja hajasema ameonaje." Akamgeukia mkuu wake. "Profesa, kwa desturi, mwenyeji akionja ikamdhuru, anampa mgeni?"

Turubai likapigwa na upepo. Tereza alifumba macho. Profesa Ebenezer alisimama amekakamaa nyuma ya kipaza sauti, na sura yake ikapita mahali pengi: hasira, aibu, hesabu. Angeweza kusema lolote. Ni mtu aliyejua kusema. Lakini swali lilikuwa la kwao. Majibu ya maabara alikuwa ameyafungia kabatini bila kukosa usingizi, ila kumkabidhi mgeni kibuyu kilichomdhuru yeye mwenyewe, mbele ya watu waliomjua baba yake, hilo hakuliweza. Akainua mkono wa kulia, ukafika usawa wa kifua ukakwama, na wote wakaona vidole vimejikunja kama vimeshika kitu kisichoonekana.

"Haiendi juu zaidi ya hapa," alisema. "Mheshimiwa, usinywe. Wazee, kaeni."

Mshereheshaji alitangaza kwamba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ratiba imebadilika, na sasa ni chakula. Pilau ililiwa yote. Gazeti moja kesho yake liliandika kwamba uzinduzi ulifana.

Profesa aliacha kapsuli siku ileile. Ebenezini ikasitishwa kwa barua ndefu yenye mihuri, isiguswe mpaka itakapoamuliwa vinginevyo, na mabango yakashushwa, yakawa mazuri kwa kuezekea banda la kuku. Munira alingoja kufukuzwa kazi. Hakufukuzwa, hakuna kikao kilichokubali kuandika kwa maneno kosa lake ni lipi.

Mvua zilipokaribia, Profesa aliingia maabara amebeba kikapu cha zabibu. Alikiweka mezani, akachukua kishada, akachuma zabibu moja moja kwa vidole vyake mwenyewe, akizipanga mbele ya Munira bila kusema. Vidole vilifunguka vyote. Ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, na Munira aliielewa hivyo, akala.

Alikuwa bado anatafuna wazo lilipomshika. Vidole vilichukua wiki nyingi kujikunja, vikachukua wiki chache kufunguka. Na mbuzi? Mbuzi walipewa mara moja tu, baada ya sumu, wakapona, na hakuna mbuzi aliyekakamaa. Mtu aliyeumwa na nyoka hahitaji dawa ya msimu. Anahitaji siku mbili, tatu, mpaka sumu iishe nguvu. Katika siku tatu kano gani itakaza? Dawa isiyochagua, ikipewa anayestahili, saa inayostahili, imeshachaguliwa tayari.

Liliuma wazo hilo. Maana miaka yote hiyo alikuwa akimcheka Profesa na jina lake, kumbe naye alikuwa ameshikilia Kumi na Tisa yake kwa kucha zilezile. Yeye aliyejaribu kila kimeng'enya hakuwahi kujaribu swali rahisi: inywewe lini? Alitaka dawa yake ndiyo imkamate moma. Sasa ilibidi aseme kwa kinywa chake kwamba ile ya mwenzake, iliyomfungia baba wa watu mabega, ndiyo inayofaa kwa msimu huu. Aliona wivu, akaona aibu ya wivu, kisha akasema.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. "Siku tatu tu," alirudia.

"Siku tatu, Profesa. Hospitalini, kwa aliyeumwa, chini ya daktari. Wengine wasiguse."

"Na kinga?"

"Kinga ni buti."

Kwa mara ya kwanza walicheka pamoja. Wakaketi wakaandika ombi jipya, fupi, la kweli, lenye majibu yote, hata yale ya kabatini. Profesa mwenyewe alitaka jina la dawa libadilishwe. Munira alikataa, akisema kubadilisha jina kutahitaji kikao.

Kikao kilihitajika hata hivyo. Kilichositishwa kwa kikao hufunguliwa kwa kikao, mwenye dhamana aliwaeleza kwa huruma kubwa, na cha robo hii kimeshapita. Kinachofuata kiko baada ya mwaka mpya, lakini hicho ni cha bajeti. Cha baada ya hicho, Mungu akipenda, wajumbe wakitimia, ombi lao litakuwa la kwanza chini ya mengineyo. Munira alihesabu kichwani: mvua zitakuwa zimeisha, mbaazi zitakuwa ghalani. Alimshukuru mwenye dhamana, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka nje akampigia baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Huku mawingu yamejaa, kesho tunaanza kupanda. Shangazi yako amesema naye anakwenda, atapanda amekaa. Watu wananiuliza ile dawa."

Munira akamweleza yote taratibu. Kwamba dawa ipo, iko kwenye jokofu hatua chache kutoka pale aliposimama. Kwamba sasa anajua namna ya kuitumia bila kumuumiza mtu, na Profesa ameafiki. Kwamba imebaki ruhusa tu, na ruhusa inasubiri kikao, na kikao ni baada ya mvua.

Upande wa pili walisikika kuku, na mtu akinoa jembe.

"Haya, mama," alisema Mzee Khalidi. "Kesho nikimkuta nyoka shambani, nitamwambia asubiri kikao."